Haya ya Mama na Fiqhi ya Hedhi

Katika Kinjumbi na vijiji vingine vya Kilwa, desturi ya zamani ni kwamba binti akivunja ungo hasemi na mama yake. Husema na bibi au somo, na kungwi ndiye amfundaye. Si Kilwa tu. Habari za kungwi na mwali zimo pia katika kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903.

Wapo wasemao kuwa ukimya huu wa mama ni haya ya Kiislamu. Hatukubaliani nao. Bibi Asmaa alimuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuoga hedhi, akaambiwa ajisafishe kwa kitambaa chenye miski. Alipouliza, vipi? Mtume aliona haya, na Bibi Aisha (r.a.) akamvuta kando akamweleza kwamba afuatishe athari ya damu. Haya ilikuwepo, lakini swali halikuachwa bila jibu. Baadaye wanawake walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha pamba yenye athari ya hedhi wapate kujua kama wametoharika, naye akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafii, nasi tungali hivyo. Na Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) amenakili kutoka kwa Imamu Shafii na wafuasi wake kuwa ni wajibu wa baba na mama kuwafundisha watoto yatakayowalazimu baada ya kubaleghe. Basi kungwi anayeitwa baada ya damu kuonekana amekwisha chelewa.

Hatumlaumu kwa yote, maana alisema pale wengine waliponyamaza (nyimbo za unyagoni ni mlango mwingine). Chuoni binti husoma katika Safinatun Najaa kwamba hedhi ni alama ya baleghe, lakini mwalimu ni mwanamume, na binti hainui kichwa. Nyumbani hana wa kumuuliza. Ramadhani hupita asijue kuwa swala za siku zile hazilipwi na saumu hulipwa. Au damu humzidi siku 15 naye angali ameacha swala, ilhali hiyo ni istihadha, ambayo Mtume (s.a.w.) alimwambia Fatima binti Abi Hubaysh kuwa ni mshipa, si hedhi. Mama anayezijua siku za bintiye ndiye wa kwanza kutambua hilo, akamwamuru aoge asali, kisha akampeleka zahanati.