Nani Anashika Daftari la Majina?

Wengi wetu tuliozaliwa huku ndio mafundi wa intaneti wa familia, tutake tusitake. Wi-Fi ikigoma kwa mama, simu inapigwa kwako. Printa ya dukani kwa mjomba isipoonekana kwenye kompyuta, unaulizwa wewe: "Si umesoma?" Ukifungua mipangilio ya ruta unakutana na vifupisho viwili, DHCP na DNS, na wengi tunaviruka. Leo tusiviruke, maana nyuma yake kuna historia ya swali la zamani sana: nani anashika daftari la majina, na nani anagawa namba?

Tuanze na majina. Miaka ya 1970, mtandao ulioitwa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo, uliunganisha kompyuta chache za vyuo vikuu, watafiti na jeshi la Marekani. Kila kompyuta ilikuwa na namba yake, lakini binadamu tunakumbuka majina kuliko namba. Basi kukawa na faili moja, HOSTS.TXT, lenye majina yote na namba zake. Lilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, kwenye ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Ukiwa na kompyuta mpya, unawasiliana na ofisi yake saa za kazi. Wao wanaiandika, halafu wengine wote wanapakua nakala mpya.

Utaratibu huo ulikwenda vizuri watu walipokuwa wachache. Mtandao ulipokua, faili likanenepa, wanaolipakua wakaongezeka, na nakala uliyochukua jana leo imeshapitwa. Majina nayo yakaanza kugombaniwa, kwa sababu kwenye orodha moja kompyuta mbili haziwezi kuwa na jina moja. Ofisi ya Feinler ilifanya kazi yake, ila daftari moja halikutosha tena.

Jon Postel, wa Chuo Kikuu cha Southern California, akamkabidhi mwenzake Paul Mockapetris mapendekezo kadhaa yaliyokuwa yakishindana, ayapatanishe. Mockapetris akaja na muundo wake mwenyewe: DNS, yaani mfumo wa majina ya vikoa. Maelezo ya kwanza yalitoka Novemba 1983, na yale ya Novemba 1987 ndiyo msingi wake mpaka leo.

Ukitaka kuuelewa, fikiria unatafuta nyumba ya ndugu Zanzibar. Hubebi orodha ya nyumba zote za kisiwa. Unaelekezwa mtaa, ukifika unamuulizia sheha, na sheha anakuelekeza kwa wenyewe. DNS ndivyo ilivyo. Seva za juu kabisa, zinazoitwa mizizi, hazijui tovuti yako iko wapi. Zinajua tu nani aulizwe kuhusu .com, .ke au .tz. Hao nao wanajua nani aulizwe kuhusu kila jina lililo chini yao, na kila mwenye eneo anaandika majina ya kwake. Kenya ilipata .ke mwaka 1993, Tanzania ikapata .tz mwaka 1995. Chuo cha Nairobi kikiongeza kompyuta, hakuna haja ya kuomba ruhusa California.

Sasa namba. Zamani fundi alikuwa anaandika anwani kwa mkono kwenye kila mashine. Septemba 1985, Bill Croft na John Gilmore walitoa itifaki ya BOOTP: kompyuta ikiwashwa inaweza kuuliza mtandaoni, "Namba yangu ipi?" Lakini ilibidi mtu awe ameshaiandikisha mashine hiyo kabla. Kwa kompyuta isiyotoka mezani, sawa. Kwa laptopu inayohamahama, taabu tupu.

Oktoba 1993 ikatoka DHCP, kazi iliyoongozwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania. Jipya lake kubwa lilikuwa kuazima. Simu yako inaita, "Kuna mtu wa kunipa namba?" Seva inajibu, "Chukua hii." Simu inasema, "Naichukua." Seva inamaliza, "Haya, ni yako kwa saa kadhaa." Muda ukifika nusu, simu inaomba kuongezewa. Ukiondoka, muda unakwisha na namba anapewa mwingine.

Ila tazama hapa. Pamoja na namba, DHCP inakuambia pia seva gani ya DNS ya kuuliza. Yaani anayekupa namba ndiye kwa kawaida anayekuchagulia wa kumuuliza majina. Nyumbani, mara nyingi ni kampuni ya intaneti, na seva hiyo inaona kila jina mnaloliuliza. Hata kama ujumbe wenyewe umefungwa, jina la tovuti limeshatajwa.

Ndiyo maana kuweka seva yako kwenye mtandao mdogo, iwe nyumbani, dukani au madrasa, si mchezo wa mafundi tu. Programu ya dnsmasq, ya Mwingereza Simon Kelley, inafanya kazi zote mbili, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaitosha. Unatumia anwani za ndani, zilizotengwa rasmi kwa mitandao binafsi, kwa mfano zinazoanza na 192.168.10. Seva yenyewe unaipa namba isiyobadilika, tuseme yenye 2 mwishoni. Unaruhusu kuazimisha kuanzia 50 hadi 150, kwa saa 12. Printa unaitengea namba yake moja. Jina la mtandao unaweka home.arpa, lililotengwa mwaka 2018 kwa ajili ya majumbani. Halafu unazima DHCP ya ruta, maana waazimishaji wawili wasiojuana watavuruga kila kitu.

Baada ya hapo, kifaa kikiazima namba na kutaja jina lake, jina linaingia daftarini palepale. Kazi iliyokuwa ikingoja saa za ofisi Menlo Park inafanyika kabatini kwa mama.

Lakini kumbuka, daftari sasa unalishika wewe. Ukiwasha kumbukumbu za maswali, utaona majina anayoyauliza mdogo wako saa nane usiku, na anayoyauliza baba. Tulilalamika kwamba kampuni inaona. Kwa hiyo kabla hujaondoka, waambie watu wa nyumbani umeweka nini na kinaona nini, na kama hamna haja ya kumbukumbu hizo, zizime.