Wakfu Mbele ya Sheria za Nchi: Kutoka Mombasa hadi Nyakato

Wakfu ni kuizuia mali isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake kuelekezwa katika kheri. Dalili yake mashuhuri ni ardhi ya Sayyidna Umar (Allah amuwie radhi) iliyokuwa Khaybar. Alipomtaka ushauri Mtume (Rehema na Amani zimshukie), alielekezwa aizuie asili na atoe sadaka mazao yake. Mafaqihi wakatambua wakfu wa kheri, kama msikiti na kisima, na wakfu wa dhuria, ambao hunufaisha watoto na wajukuu, kisha mafukara.

Waingereza walipotawala, wakfu wa dhuria uliingia majaribuni. Mwaka 1894 Privy Council ya London, katika kesi ya Abul Fata iliyotoka India, iliamua kuwa wakfu ambao mafukara wanapata fungu la mbali tu ni batili. Majaji walipima sadaka kwa mizani ya Kiingereza, ambayo hutazama umma. Katika Uislamu kumpa jamaa ni sadaka, na tena ni kuunga udugu.

India ilirekebishiwa jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1913. Afrika Mashariki haikuguswa na sheria hiyo. Basi Waislamu wa Mombasa, wafuasi wa Imam Shafi, wakafungwa na hukumu iliyotokana na kesi ya India. Kesi ya Bakhshuwen, iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1952, iliushikilia msimamo uleule. Kenya ilitunga sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951 kuuhalalisha wakfu wa dhuria.

Tanganyika nayo ilipata Sheria ya Jumuiya mwaka 1954 na Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini mwaka 1956. Tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza huandikisha jumuiya. Ya pili huwafanya wadhamini kuwa mtu mmoja kisheria, mwenye muhuri, awezaye kumiliki ardhi hata wadhamini wenyewe wakifa.

Desemba 1968 Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki (EAMWS), iliyoasisiwa mwaka 1945, na mali zake zikawekwa chini ya BAKWATA, iliyoundwa Iringa mwezi huohuo. Tunajifunza kuwa jumuiya huweza kufutwa kwa tangazo la siku moja. Swali linalobaki ni hili: kila kiwanja kilitolewa kwa sharti gani, na sharti hilo liliandikwa wapi?

Mafaqihi wamesema sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa kama nassi. Lakini sharti lisiloandikwa halina wa kulitetea mahakamani. Muislamu wa Nyakato, Musoma, anayetoa kiwanja cha msikiti kwa kauli tu mbele ya jamaa, amewaachia warithi wake mgogoro. Na aandike hati ya wakfu, ataje makusudio na msimamizi, aweke mashahidi, na ardhi iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, si la imamu wala mwenyekiti. Kufanya hivyo ni kuitunza amana, na sadaka yenye kuendelea hudumu pale asili yake inapohifadhiwa. Wallahu a'lam.