Kutoka Satelaiti hadi Mkongo: Ufanisi wa Mitandao ya Mawasiliano Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya mawasiliano ya kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kuenea: minara iliyojengwa na wilaya zilizofikiwa. Sehemu hii inajenga hoja kwamba, kwa upande wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ufanisi umeamuliwa zaidi na njia inayobeba data kutoka mnarani kuliko na mnara wenyewe.

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi satelaiti zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake vilipanda na kushuka umbali huo, na kwa pamoja vilichukua takriban nusu sekunde. Ucheleweshaji huo ulitokana na umbali, hivyo haukuweza kuondolewa kwa kununua vifaa bora zaidi. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao uliunganisha pwani na mikoa ya bara, Kilimanjaro ikiwemo. Tangu hapo, data iliweza kwenda Dar es Salaam na kurudi Moshi katika muda usiofikia sehemu moja ya mia ya sekunde, ukiacha muda unaotumiwa na mitambo ya njiani.

Hatua hiyo haikumaliza tatizo, bali ililihamishia katika kipande cha mwisho cha safari. Vijiji vya mlimani vimekaa juu ya migongo iliyotenganishwa na makorongo, ilhali mawimbi ya redio hudhoofika yanapozibwa na ardhi. Kaya inaweza kuwa karibu na mnara kwenye ramani na bado ikakosa mawasiliano ya kuaminika. Aidha, watumiaji wa mnara mmoja hugawana uwezo uleule. Wanapoongezeka, kasi ya kila mmoja hupungua.

Agosti 2022, Waziri Nape Nnauye alizindua huduma ya intaneti ya kasi ya TTCL katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Manufaa yake kwa waongozaji, wapagazi na shughuli za uokoaji hayapaswi kubezwa, kwa kuwa taarifa ya mgonjwa mlimani haiwezi kusubiri. Hata hivyo, kimo cha kituo hakituelezi hali ya mtumiaji aliye korongoni.

Wachagga walikabili suala linalofanana na hili katika mifongo, mifereji yao ya kumwagilia mashamba. Wingi wa maji kwenye chanzo haukumhakikishia chochote mwenye shamba la mwisho. Maji yalimfikia kwa sababu kulikuwa na zamu zilizokubaliwa na kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Vivyo hivyo, tathmini ya mtandao inapaswa kuanzia kwa mtumiaji wa mwisho: kasi anayoipata jioni watumiaji wanapokuwa wengi, ucheleweshaji, na kiasi cha data kinachopotea njiani. Takwimu za kuenea pekee zitaendelea kuihesabu zahanati ya kijijini kuwa imeunganishwa, hata pale inaposhindwa kutuma picha ya mgonjwa kwa daktari aliyeko Moshi.