Rungwa: Mbung'o Hakuwa Peke Yake

Simulizi za Rungwa, kusini mwa Itigi, zimezoea kumbebesha mbung'o lawama yote: ndiye aliyewanyima Wakimbu, wenyeji wa huko, ng'ombe, na hofu ya malale ndiyo iliyoipa serikali ya kikoloni sababu ya kukusanya vijiji, hata pori la akiba likatangazwa mwaka 1951. Sikatai; mbung'o huua mifugo. Lakini udongo nao una ushahidi wake. Ardhi ya miombo ni kongwe, imechujwa na mvua kwa zama nyingi, na fosforasi kidogo iliyobaki imeng'ang'aniwa na chuma na alumini. Fosforasi haitembei sana ardhini. Mzizi ndio huifuata. Nyasi ikiikosa hubana majani, hupeleka nguvu chini, hurefusha vinyweleo vya mizizi na kushirikiana na kuvu. Mikunde hudumaa zaidi, kwa kuwa vinundu vyake vya naitrojeni navyo huihitaji. Mfugaji huvuna kilicho juu, na juu hakuna kingi.

Wakimbu walilijua hilo kwa vitendo: walikata miti, wakachoma, wakalima kwenye majivu misimu michache, kisha wakahama, tegemeo lao jingine likawa asali na nta. Atakayepinga atauliza mbona tembo na nyati hushiba papo hapo. Wao huzunguka mbali na kuchagua. Ng'ombe wa zizini hana uhuru huo. Fosforasi inayokosekana inaweza kuongezwa: fosfeti inachimbwa Minjingu, Manyara. Anayetaka malisho katika ukanda huu apime udongo kwanza, ndipo anunue dawa ya mbung'o.