Nakala Iliyo Mbali: Kumbukumbu za Gusii Kutoka Karatasi ya Kaboni Hadi Flashi

Anayetaka kusoma yale ambayo wakuu wa wilaya waliokaa Kisii enzi za ukoloni waliandika kuhusu mavuno ya wimbi, kodi ya nyumba, machifu na kesi za ng'ombe anaweza kwenda Nairobi, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Anaweza pia kupanda ndege hadi jimbo la New York, Marekani. Huko, Chuo Kikuu cha Syracuse kina ripoti za mikoa na wilaya za Kenya katika mikanda ya maikrofilamu iliyopigwa miaka ya 1960. Ardhi ni ya Gusii, maneno ni ya watawala wa Kiingereza, na nakala iko ng'ambo ya bahari.

Habari hii ni ya karatasi, lakini inamhusu moja kwa moja mwalimu wa Keroka ambaye alama za wanafunzi wake wa miaka kadhaa ziko kwenye laptopu moja tu. Inamhusu pia kijana wa Nyansiongo anayetunza picha za harusi na mazishi za ukoo mzima. Kumbukumbu za Gusii zilizodumu ziliponea kwa kunakiliwa mapema, kupelekwa mbali, na kupata mtu aliyehakikisha kwamba zinasomeka. Mashine zimebadilika, lakini masharti yamebaki yale yale.

Nakala za kwanza zilitoka kwenye taipureta. Kisii ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, na karani aliyepiga chapa ripoti ya mwaka alipachika karatasi ya kaboni kati ya kurasa. Nakala moja ilibaki Kisii, nyingine ikaenda kwa mkuu wa mkoa Kisumu, na habari zikapanda hadi Nairobi na London. Kila mkuu wa wilaya aliyehamishwa alimwachia mrithi wake ripoti ya makabidhiano yenye majina ya watu, mizozo ya mipaka na ahadi zilizokuwa hazijatimizwa. Lengo lilikuwa kuwatawala watu, wala si kuwatunzia wajukuu wa Gusii historia yao. Hata hivyo, utaratibu huo ulifanya maandishi ya ofisi moja kuwa na makao matatu au manne.

Haja ya makao hayo ilionekana mapema. Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Vita Vikuu kuanza, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameshaondoka. Tarehe 12 kikosi cha King's African Rifles kiliwashambulia Wajerumani, Kapteni Thorneycroft akauawa, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika pengo hilo la siku chache, mji uliokuwa haujatimiza miaka 10 uliporwa na wenyeji, pamoja na misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Watu walikuwa na hasira. Walikuwa hawajasahau msafara wa adhabu wa 1908, baada ya mpiganaji Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote. Baadaye serikali ilirudi na kuwatoza ng'ombe.

Moto wa Nairobi ulikuwa na madhara makubwa zaidi kwa karatasi. Mwaka 1939 jengo la Sekretarieti ya serikali ya kikoloni liliungua na majalada mengi yakateketea. Kilichoteketea kilikuwa moyo wa serikali yenyewe, mahali ambapo mtu angedhani kumbukumbu ziko salama kuliko kokote. Ndiyo maana wanahistoria wa Kenya wanategemea sana majalada ya wilaya na mikoa: makao makuu yalipoungua, matawi yalikuwa bado na karatasi zao. Kisii ilikuwa mojawapo ya matawi hayo.

Baada ya uhuru Bunge lilipitisha sheria ya nyaraka za umma, mwaka 1965, na Nyaraka za Taifa zikaanza kukusanya majalada kutoka kwenye stoo za wilaya, ambako unyevu, panya na mchwa vilikuwa vikiyamaliza. Kazi ya maikrofilamu ikafanywa katika miaka hiyo hiyo, na Syracuse ikapata nakala yake. Mwishoni mwa muongo huo Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer walitoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha ripoti gani iko kwenye mkanda gani. Wengi hawakijui kitabu hicho, lakini naona ndicho kilicholeta tofauti kubwa, kwa sababu bila mwongozo maikrofilamu ni maboksi ya plastiki tu. Maxon mwenyewe aliendelea kuwatafiti Abagusii, na mwaka 1989 akachapisha kitabu kuhusu Gusii na Waingereza kutoka 1907 hadi 1963. Hapo nakala zilirejeshwa zikawa kitu cha kusomwa.

Upande wa pili wa habari ya 1908, ule wa Otenyo na wa Moraa aliyewachochea vijana kupigana, haukuandikwa na mkuu wa wilaya. Ulihifadhiwa vinywani mwa wazee. Mwanahistoria William Ochieng' aliwahoji wazee wa Gusii, na kitabu chake kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni kikatoka mwaka 1974. Masimulizi na karatasi ni hifadhi za aina mbili tofauti, na kila moja imeziba mianya ya nyingine.

Sura ya Hanslope Park, ghala la nyaraka la serikali ya Uingereza, inauma. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walichoma baadhi ya majalada na mengine wakaondoka nayo. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park kwa takriban nusu karne. Karatasi zilikuwa nzima na zimetunzwa vizuri. Lakini mwenye habari zake hakujua zilipo, wala hakuwa na ruhusa ya kuzifikia. Kwake zilikuwa sawa na zilizoungua.

Kompyuta zilipoanza kuonekana Kisii na Nyamira, katika vyuo vya mitaani, ofisi za mawakili na baadaye majumbani, zilikuta adui ambaye karani wa taipureta hakuwa na sababu ya kumwogopa, yaani radi. Nyanda za juu za Gusii ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi nchini. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria na kupanda miinuko. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira hupita 2,000. Hewa hiyo hukutana na upepo wa mashariki, mawingu hujijenga tangu adhuhuri, na alasiri anga hupasuka. Kila nyumba huko inajua kukimbilia soketi mbingu zinapoanza kunguruma.

Radi haihitaji kupiga paa lako ndipo kompyuta yako ife. Ikipiga nguzo au ardhi ya mbali kidogo, msukumo wa umeme husafiri kwenye nyaya na kuingia ndani. Zamani uliweza kupitia waya wa simu na kuua modemu; siku hizi hupitia pia waya wa ruta. UPS inasaidia stima zikipotea ghafla katikati ya kazi, lakini haiwezi kuzuia radi ya karibu. Na diski ya nje uliyoinunua kwa ajili ya nakala, ukiiacha imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, itaungua nayo siku ile ile.

Kwa upande wa mifugo, wazee walijua kwamba mali yote isikae mahali pamoja. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi baadhi kwa mkwe au rafiki wa mbali, ili tauni au uvamizi ukiingia boma moja asiamke maskini. Hakuwaweka wote kwenye zizi moja akaongeza ukuta.

Vifaa vya miaka ya mwanzo ya kompyuta viliifanya kazi ya kutunza nakala kuwa ngumu. MS-DOS ilipata amri za BACKUP na RESTORE mwaka 1983. Kompyuta yenye diski ya megabaiti 20 ilihitaji flopi zaidi ya 50 za kilobaiti 360, na mtu alikaa akizibadilisha moja baada ya nyingine. Flopi moja ikiharibika, kurejesha kuliweza kukwamia hapo. Tena faili zilizohifadhiwa kwa toleo moja la DOS mara nyingine zilikataliwa na toleo jingine, na mwaka 1993 toleo la 6 lilileta programu mpya yenye umbo jipya la nakala. Ukijumlisha na hewa yenye unyevu, ambayo huotesha kuvu juu ya sumaku ya flopi, utaelewa kwa nini nakala nyingi za wakati huo ziliishia kabatini bila kufunguliwa tena.

Hata wenye mitambo mikubwa walishindwa. Mwaka 1998, Pixar walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja ya kufuta iliyoandikwa kimakosa ilianza kula faili za filamu nzima. Walipokimbilia nakala zao waligundua kwamba zilikuwa hazifanyi kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa amejaribu kuzirejesha. Filamu iliokolewa na kompyuta ya nyumbani: Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani, alikuwa na nakala yake. Ilibebwa hadi studio kwa gari, imefungwa mablanketi.

Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000 zikiwa na megabaiti 8, zaidi ya flopi tano za wakati huo kwa mpigo. Miaka michache baadaye wanafunzi wa Kisii walizivaa shingoni. Kazi ya chuo, barua za kuomba kazi, orodha ya michango ya harambee, vyote vilisafiri humo kutoka saiba moja hadi nyingine, pamoja na virusi. Kirusi kilichojulikana sana kiligeuza kila folda kuwa njia ya mkato. Watu waliogopa, wakafomati flashi, wakapoteza kila kitu. Ilikuwa hasara ambayo haikuwa lazima, kwa maana kwa kawaida faili zilikuwa bado zipo, zimefichwa tu, na amri fupi ya attrib iliweza kuzifichua. Ninahuzunika nikifikiria ni tasnifu ngapi zilizimwa kwa kubonyeza kitufe kile cha kufomati.

Mwaka 2005 mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliandika kanuni inayotajwa hadi leo: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Aliwaandikia wapiga picha wenzake, lakini ukiitazama ripoti ya Kisii ya miaka ya 1920 utaona ilikuwa imeshaitimiza: karatasi Kisii, karatasi Kisumu, na baadaye filamu Syracuse.

Umbali wenyewe ulikuja kuwa rahisi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na kupandisha picha za harusi moja kungekula mshahara. Google Drive ilifunguliwa mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye WhatsApp ikaanza kuweka nakala za simu za Android humo humo. Abagusii walikuwa pia na wingu lao la kindugu: jamaa wengi wameweka makazi Minnesota, hasa Minneapolis na vitongoji vyake, na kila picha ya nyumbani iliyotumwa huko ikawa imepata makao ya pili. Nakala hizo zimerudishwa mara nyingi baada ya simu kuibiwa. Ila WhatsApp huipunguza picha inapoituma kwa njia ya kawaida, kwa hiyo inayorudi huwa hafifu kuliko iliyokwenda. Anayejali picha ya marehemu baba yake heri aitume kama waraka.

Fundi wa mjini Kisii akiletewa kompyuta iliyopigwa na radi huanza na pawa saplai, kisha bodi kuu. Kwa kompyuta za zamani habari zilikuwa nzuri mara nyingi: bodi ilikufa lakini diski ikabaki hai. Aliifungua, akaiweka kwenye kesi ya USB, akaichomeka kwenye mashine nyingine na kunakili kila kitu. Njia hiyo inazidi kufungwa. Laptopu nyingi mpya zina hifadhi iliyolehemewa kwenye bodi, na tangu 2024 Windows 11 ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft huifunga diski kwa msimbo bila mwenyewe kuombwa. Ufunguo wake una tarakimu 48. Huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ile ile, na anayeweza kuingia atauona humo. Asiyekumbuka akaunti, fundi hawezi kumsaidia hata diski ikiwa nzima kabisa. Ufunguo huo uandikwe karatasini leo, na karatasi ikae nyumba nyingine.

Tatizo hilo la kutoweza kuingia kwenye akaunti linagusa pia akaunti za waliofariki. Tangu Desemba 2023 Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka 2, pamoja na picha na barua zilizomo. Familia nyingi za Kisii na Nyamira zina simu ya mzazi aliyefariki ndani ya droo, nambari ya siri haijulikani, na picha zake zote ziko kwenye akaunti hiyo. Tangu 2013 ipo sehemu katika mipangilio ya Google ambapo mwenye akaunti, angali hai, huchagua watu wa kukabidhiwa data yake endapo atakuwa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Kuijaza huchukua dakika chache, na mtoto anaweza kukaa na mama yake wakaijaza pamoja likizo ya Desemba, jamaa wote wakiwa nyumbani.