Wahusika wa Biblia kati ya Karema na Tokyo: Hadithi Takatifu katika Utamaduni Pendwa

Mjadala kuhusu katuni za Kijapani na Biblia mara nyingi huanza na hofu kwamba Adamu, Nuhu na malaika wamenyang'anywa kanisani na kutupwa katika burudani. Historia ya Katavi inaidhoofisha hofu hiyo, kwani huko wahusika wa Biblia walifika wakiwa tayari mikononi mwa wasimuliaji.

Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe. Biblia nzima ya Kiswahili ilipochapishwa mwaka 1891, misheni hiyo ilikuwa imekwisha kufundisha kwa miaka kadhaa. Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza maandalizi ya ubatizo yachukue miaka 4, na kwa wanafunzi wasiojua kusoma, Ibrahimu na Musa walikuwa sauti ya katekista. Mmoja wa makatekista hao, Adrian Atiman, alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kufia huko mwaka 1956. Hadithi ya Yusufu aliyeuzwa na nduguze haikuhitaji mchoro mbele ya mtu aliyewahi kuuzwa.

Karibu karne moja baadaye, wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba na Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alionyesha jinsi wakimbizi walivyoigeuza historia yao kuwa simulizi ya kimaadili ya taifa lililo uhamishoni. Msomaji wa Kitabu cha Kutoka hawezi kukosa kuutambua muundo huo. Hapa hadithi ya kale ilikuwa na uzito wa riziki na uraia, haikuwa pambo.

Wakati huohuo, mwaka 1981, kampuni ya Tatsunoko ya Japani ilianza kutoa mfululizo uliojulikana kwa Kiingereza kama Superbook, kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la Kikristo la Marekani. Watoto wawili na roboti yao humezwa na kitabu na kujikuta miongoni mwa watu wa Agano la Kale. Osamu Tezuka naye alishirikiana na televisheni ya taifa ya Italia kuandaa Agano la Kale kwa katuni. Alifariki mwaka 1989 kabla kazi haijakamilika, na wenzake wakaimaliza. Kazi hizi mbili zilikusudia kufundisha. Neon Genesis Evangelion ya mwaka 1995 ni jambo jingine kabisa: Adamu na Lilithi ni majitu, na Malaika ni maadui wanaoushambulia mji. Watengenezaji wake walikiri baadaye kwamba alama za Kikristo zilichaguliwa kwa mvuto wake wa kigeni. Katika nchi ambayo Wakristo ni takribani asilimia 1 tu ya watu, Biblia ilikuwa ghala la mambo ya ajabu. Kwa Mswahili, ambaye humwita mtoto mchanga malaika, mgeuko huo unashtua zaidi.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na Mpanda iliendelea kwa miaka mingi kutegemea umeme wa majenereta nje ya gridi ya taifa. Ndiyo maana, katika historia ya utazamaji nchini, vibanda vya video vina nafasi kubwa kuliko inavyokubaliwa. Humo filamu ya kigeni haikuachwa iseme yenyewe. Mfasiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akaeleza, akakejeli, akaongeza ya kwake. Kazi hiyo haiko mbali na ya katekista wa Karema. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti ya Kiswahili na kutumiwa na wainjilisti kote, ilipita katika mkondo huohuo: Mgalilaya akazungumza Kiswahili, na watazamaji hawakuuliza ni nani aliyempa ruhusa.