Ukwaju si wa India

Nilipokuwa darasa la sita hapa Kakuma, mwalimu alituuliza ni mti gani wa matunda ulio wa Afrika tangu zamani. Darasa zima tukapiga kelele: mwembe! Hakuna aliyetaja mkwaju. Mimi nilijua ukwaju ni kitu cha Wahindi, basi.

Kumbe tulikuwa tumegeuza mambo. Mwembe ndio mgeni. Asili yake ni Asia, na huku bara ulisambazwa sana na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Mimi nimezaliwa Fizi, ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji. Bibi yangu alikuwa na miembe mitatu nyuma ya nyumba na aliiita miti ya mababu.

Mkwaju ni wa Afrika. Ulivuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, ukazoea kule. Waarabu wakauita tamr hindi, yaani tende ya India. Wazungu wakalichukua jina hilo, na mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus akauandika Tamarindus indica. Ikawa hivyo mpaka leo. Waliandika pale ulipoonekana, sio pale ulipotoka. (Kadi yangu nayo ina kosa kwenye mahali pa kuzaliwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Waturkana hawakuhitaji kuambiwa. Wao wanauita epeduru, na unamea kando ya laga zao bila kupandwa na mtu. Na hapa ndipo sisi wa kambini tulikosea kwa miaka mingi. Kambi ilipoanza mwaka 1992, na vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia, watu walihitaji kuni na miti ya kujengea. Waliona miti kando ya mto mkavu, hakuna uzio, hakuna nyumba karibu. Wakakata. Sisi tuliokuja nyuma tukakata pia. Hatukujua habari ya ekwar. Ekwar ni haki ya familia juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto: matunda yake, majani na maganda ya kulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Baba anamwachia mtoto. Yaani ule "msitu" wetu ulikuwa na wenyewe.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mwaka jana kikundi chetu cha vijana kilitaka kupanda mikwaju, nikaenda kukata matawi ya uzio kwenye laga. Mzee mmoja alinisimamisha. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kijana, huo mti umeuomba kwa nani?" Nikabaki nimenyamaza. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nisamehe," akaketi, akanieleza yote hayo. Halafu akaniambia nitumie miiba ya mathenge, hiyo kateni mpaka mchoke. Mathenge uliletwa Kenya kuzuia jangwa na sasa umejaa kila mahali.

Mbegu tuliloweka usiku mmoja, tukapanda kwenye mifuko ya maziwa iliyotobolewa. Ziliota ndani ya wiki mbili. Tulihamisha miche kumi, tukaimwagia maji ya kunawia, kwa sababu maji ya bomba yana foleni. Mbuzi walikula sita.

Wenzangu wengine walikataa kuendelea. Mkwaju unaweza kuchukua miaka saba na zaidi kabla ya kuzaa, na nani anataka kusema atakuwa hapa miaka saba? Swali lao ni la haki, sikuwa na jibu. Niliwapeleka tu kwa mkwaju wa yule mzee ulipokuwa umechanua. Maua ni madogo, ya njano yenye mistari myekundu, na nyuki walikuwa wengi hadi mti unavuma. Chozi nao walikuwepo. Mzee alisema tumbili huja kwanza kwenye matunda, watoto baadaye.

Alituuliza miche yetu ni ya ekwar ya nani. Tulishauriana, tukamwambia ni yake, sisi tunamwagilia. Alicheka sana. Miche minne imebaki, na mmoja umenifika gotini.